Wagonjwa 27 wa malaria: kawaida au mlipuko?

Chukua zahanati mbili za kijiji, kwa mfano tu. Moja iko Bonde la Kilombero, katikati ya mashamba ya mpunga. Nyingine iko kwenye miinuko ya Muleba mkoani Kagera, kwenye migomba. Wiki moja ya mwezi Mei kila moja imeandika wagonjwa 27 waliopimwa wakakutwa na malaria. Kilombero muuguzi anafunga daftari anakwenda zake nyumbani, maana wiki kama hiyo mwaka jana walikuwa hamsini na kitu. Muleba, kama mhudumu ana macho, simu inapigwa wilayani siku hiyo hiyo.

Vimelea ni vile vile, Plasmodium falciparum. Dawa mseto ni ile ile. Kinachotofautisha zahanati hizi ni kile ambacho kila sehemu imekizoea. Ugonjwa uliojikita ni ule unaokuwepo mahali muda wote: unapanda na kushuka kwa majira, lakini hauondoki, na mtu anayeujua anaweza kukadiria mwezi ujao utaleta wagonjwa wangapi. Mlipuko ni pale wagonjwa wanapozidi idadi iliyotarajiwa kwa mahali hapo na kwa kipindi hicho cha mwaka. Maneno mawili ya mwisho ya maelezo haya, mahali na kipindi, ndiyo yanayosahaulika kila mara. Watu hutafuta namba moja itakayofaa kila sehemu, na namba hiyo haipo. Mgonjwa mmoja wa ndui leo, ugonjwa ulioshatokomezwa, popote duniani, ni mlipuko. Wagonjwa elfu kumi wa malaria katika wilaya fulani wanaweza wasiwe mlipuko hata kidogo.

Na hapo kuna kosa moja la kuondoa mapema. Tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) litangaze tarehe 5 Mei 2023 kwamba Uviko-19 si dharura ya kimataifa tena, watu wengi walianza kusema "sasa umekuwa ugonjwa wa kawaida" kwa maana kwamba umekuwa mpole. Kujikita hakuna uhusiano na upole. Malaria imejikita Afrika, na kwa makadirio ya WHO iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, asilimia 95 yao wakiwa katika Kanda ya Afrika ya shirika hilo. Kifua kikuu kimejikita, nacho huua zaidi ya milioni moja kila mwaka duniani. Kwa upande mwingine mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi, uliotangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023 ulikuwa na wagonjwa 9 tu, 6 wakafariki, na nchi nzima ikasimama kuutazama. Tuliyoyazoea hutuua kimya kimya, na fedha za dharura haziyafuati.

Kwa nini ugonjwa huo huo ujikite bondeni na kulipuka mlimani

Jibu kubwa la malaria ni joto, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Mbu jike akinyonya damu yenye vimelea, vimelea lazima vikomae ndani yake ndipo aweze kumwambukiza mtu mwingine. Kwa falciparum muda huo hukadiriwa kwa kugawa 111 kwa idadi ya nyuzi joto zilizozidi 16. Joto likiwa nyuzi 25 za Selsiasi, gawa 111 kwa 9: siku 12 hivi. Likiwa 20, gawa kwa 4: siku 28. Likiwa 18, gawa kwa 2: siku 55 na nusu.

Sasa weka maisha ya mbu juu ya hesabu hiyo. Tuseme katika kila mbu kumi, tisa hufika kesho. Kati ya mbu 1,000 walionyonya vimelea, watakaokuwa hai vimelea vinapokomaa ni takriban 270 kwenye nyuzi 25, kama 54 kwenye nyuzi 20, na watatu tu kwenye nyuzi 18. Tazama hatua ya kutoka 18 hadi 20. Nyuzi mbili tu, na mbu wa hatari wameongezeka mara kumi na nane. Kutoka 20 hadi 25, nyuzi tano nzima, wameongezeka mara tano. Ndiyo maana mwaka mmoja wenye joto kidogo na mvua nyingi hausumbui sana Kilombero, ambako ugonjwa umeshajaa, lakini unaweza kuwasha moto Kericho, ambako wastani wa joto hucheza kwenye nyuzi 18. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifanya hivyo kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Muleba ilipata mlipuko mkubwa mwaka 2006. Nyanda za juu za Burundi, Kayanza na Ngozi zikiwemo, zilipigwa mwishoni mwa 2000 kuingia 2001, na wagonjwa wakahesabiwa kwa mamilioni.

(Hesabu hiyo ina kasoro: mbu hapumziki kwenye kituo cha hali ya hewa. Hupumzika ukutani ndani ya nyumba, na nyumba yenye jiko la kuni ndani huwa na joto kuliko nje. Kwa hiyo kijiji chenye nyuzi 18 nje hakiko salama kama karatasi inavyosema.)

Jambo la pili ni kinga. Miaka ya mwanzo ya 1990 kwenye vijiji vya Kilombero mtu aliweza kung'atwa na mbu wenye vimelea mara mia kadhaa kwa mwaka. Aliyepona utotoni alikua akiwa na kinga ya nusunusu: vimelea vinaweza kuwamo kwenye damu yake naye yuko shambani analima. Hiyo si kinga kamili, na hupungua akikaa mbali miaka kadhaa, lakini inatosha kubadilisha sura ya ugonjwa. Mzigo mkubwa hubebwa na watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito, hasa wa mimba ya kwanza. Mlimani hakuna aliyezoea. Ukija mwaka mbaya, baba, mama, bibi na mtoto wote wanalala kitanda kimoja na homa, na malaria kali ya kupoteza fahamu inawakuta hata watu wazima wenye nguvu zao.

Hii inampa mhudumu dalili ya bure kabisa, kabla ya hesabu yoyote: safu ya umri kwenye daftari la wagonjwa wa nje, Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya). Pitisha kidole. Kama wiki hizi waliokutwa na malaria ni watoto wadogo wengi na watu wazima wachache, unaangalia ugonjwa uliojikita ukifanya kazi yake ya kila siku. Kama watu wa miaka 20, 35, 50 wamejaa sawa na watoto, ama mko sehemu isiyo na kinga, ama kuna kundi geni limeingia: vibarua, wakimbizi, wanafunzi wa bweni waliotoka mikoa ya baridi.

Viwango vyenyewe vya kujikita vilipangwa Kampala mwaka 1950, kwenye mkutano wa malaria wa Afrika ya Ikweta. Waliwapapasa watoto wa miaka 2 hadi 9 tumboni, wakahesabu wenye bandama iliyovimba. Chini ya asilimia 10, ugonjwa umejikita kidogo. Kati ya 11 na 50, wastani. Juu ya 50, sana. Juu ya 75, kupita kiasi. Leo tunapima vimelea kwenye damu badala ya bandama. Kwa Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8 hivi ya watoto wa miezi 6 hadi 59, na wastani huo unaficha tofauti kubwa sana kati ya mkoa na mkoa. Mpango wa kazi hautungwi kwa wastani wa taifa.

Kuchora mstari

Sasa tuingie kazini. Kusema "wagonjwa wamezidi" kunahitaji mstari, na mstari hutoka kwenye kumbukumbu. Unahitaji wiki hiyo hiyo ya miaka mitano iliyopita. Wiki ya ufuatiliaji huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na huhesabiwa kuanzia mwanzo wa mwaka.

Rudi kwenye zahanati yetu ya Muleba. Tuseme wiki ya 20 kwa miaka mitano walithibitishwa wagonjwa 14, 22, 9, 31 na 18. Zipange kuanzia ndogo: 9, 14, 18, 22, 31. Ya katikati, 18, ndiyo kawaida yenu. Ya nne kutoka chini, 22, ndiyo mstari wa tahadhari. Basi, hesabu imeisha. Hakuna kikokotoo wala kompyuta, na mhudumu anaweza kuirudia kwa wiki zote 52 jioni mbili akiwa na madaftari ya zamani. Chora grafu ukutani: mlalo ni wiki, wima ni wagonjwa, mstari mmoja wa kawaida, mwingine wa tahadhari, na kila Jumatatu weka nukta ya wiki iliyopita. Nukta ya 27 iko juu ya 22. Simu.

Kuna njia nyingine ambayo vitabu vingi huipenda: wastani wa miaka mitano jumlisha mara mbili ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Kwa namba zetu wastani ni 18.8, mchepuko ni 8.35, kwa hiyo mstari ni 35 na nusu. Kwa njia hii 27 haijafika popote. Nani yuko sahihi? Njia ya kwanza hupiga kengele mapema na mara nyingine bure. Ya pili hupiga kengele chache, na mara nyingine kwa kuchelewa. Kwenye kituo cha mlimani ningechagua ya kwanza bila kusita, kwa sababu kengele ya bure inagharimu safari moja ya pikipiki, na wiki mbili za kuchelewa zinagharimu watu.

Lakini kasoro kubwa ya njia ya pili iko kwingine. Tuseme ule mwaka wa wagonjwa 31 ulikuwa kwa kweli mwaka wa mlipuko, wakawa 140. Wastani unaruka hadi 40.6, mchepuko hadi karibu 56, na mstari unakwenda kukaa kwenye 152. Maana yake mlipuko mkubwa kama ule uliopita, wa wagonjwa 140, ukirudi kesho utapita chini ya mstari na grafu itasema kila kitu ni shwari! Mlipuko mmoja umekifanya kituo kiwe kipofu kwa miaka mitano. Kwa njia ya kwanza zipange tena: 9, 14, 18, 22, 140. Ya nne bado ni 22. Anayetaka kutumia wastani ni lazima kwanza auondoe mwaka wa mlipuko na kuweka mwaka mwingine wa kawaida mahali pake. Nimeona grafu za wilaya ambazo hakuna aliyefanya hivyo.

Na hata mstari ukichorwa vizuri, nukta yenyewe inaweza kudanganya. Sababu ya kawaida kuliko zote ni vipimo vya haraka, mRDT. Vikiisha stoo, kila homa huandikwa malaria, na wiki inapanda. Au kinyume chake: fomu inahesabu waliothibitishwa tu, vipimo vimeisha, hakuna anayethibitishwa, na wiki inashuka hadi sifuri wakati benchi la nje limejaa watu wanaotetemeka. Kwa hiyo usiangalie idadi peke yake. Gawa waliokutwa na vimelea kwa waliopimwa. Kama wiki iliyopita walipimwa 60 wakakutwa 15, na wiki hii wamepimwa 120 wakakutwa 30, wagonjwa wameongezeka mara mbili lakini kiwango kimebaki robo. Huenda kuna shirika limeleta kliniki ya kutembea, au zahanati ya jirani imefungwa. Kama wamepimwa 60 wale wale wakakutwa 36, hapo kuna jambo.

Mengine ni madogo lakini yana kero: mgonjwa wa marudio kuandikwa kama mpya, ripoti za wiki mbili kutumwa pamoja zikaingizwa wiki moja, sikukuu kuwarudisha watu wa Dar es Salaam kijijini, kijiji kukua wakati mstari ni wa zamani. Panga mstari upya kila mwaka. Na kabla hujapiga kengele kubwa, piga simu vituo viwili vya jirani. Mlipuko wa malaria haukai ndani ya uzio wa zahanati moja.

Magonjwa ambayo hayangoji mstari

Kipindupindu hakina habari ya namba ya nne kutoka chini wala wastani. Mgonjwa mmoja aliyethibitishwa, na ushahidi kwamba ameambukizwa hapo hapo, ni mlipuko. Sababu iko kwenye tabia ya bakteria wenyewe: dalili huanza ndani ya saa chache hadi siku tano, na wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au huharisha kidogo tu. Ukimwona mmoja aliyelegea macho yamezama, jua kuna wengine nyuma yake wanaokwenda chooni, au porini, bila kuhesabiwa na mtu.

Kwa sehemu ambayo haijatangazwa mlipuko, anayeshukiwa ni mtu wa miaka 2 na kuendelea mwenye kuharisha majimaji ghafla na kupungukiwa maji sana, au aliyekufa kwa kuharisha hivyo. Mlipuko ukishatangazwa, mlango unapanuliwa: yeyote anayeharisha majimaji ghafla anahesabiwa. Kinyesi kichukuliwe kabla ya antibiotiki, kipelekwe maabara kwenye Cary-Blair, kihifadhi maalumu cha kusafirishia sampuli. Kipimo cha haraka kikisoma chanya ni cha kuamsha watu, hakithibitishi. Kuthibitisha ni kuotesha bakteria maabara au PCR, kipimo cha vinasaba. Na huhitaji kupima kila mgonjwa baada ya hapo, kosa ambalo humaliza vifaa vya maabara wiki ya kwanza.

Lakini kipindupindu hicho hicho pia kimejikita. Wimbi la saba la dunia lilianzia Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, likafika Afrika 1970, na Tanzania mwaka 1974. Halijaondoka. Pembeni mwa maziwa ya mashariki mwa Kongo, Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie, hurudi mwaka hata mwaka. Kikosi cha kimataifa cha kudhibiti kipindupindu huhesabu eneo kuwa ugonjwa umejikita kama katika miaka 3 iliyopita walithibitishwa wagonjwa walioambukizwa hapo hapo. Kwa hiyo Uvira inaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja: ugonjwa umejikita, na wiki hii kuna mlipuko juu yake. Anayefundisha haya kama makabati mawili, ugonjwa huu humu na ule mle, anawapotosha wanafunzi wake. Kilichotokea Goma Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache na kunywa maji ya Ziwa Kivu, na karibu watu 50,000 wakafa mwezi wa kwanza kwa kipindupindu na kuhara damu kwa sehemu kubwa, kilikuwa ugonjwa wa eneo kukutana na umati usio na kinga, maji wala vyoo.

Homa ya uti wa mgongo ina mstari wake kwenye ule ukanda wa Senegali hadi Ethiopia: wagonjwa 3 kwa kila watu 100,000 kwa wiki ni tahadhari, 10 ni mlipuko. Wilaya ndogo ya chini ya watu 30,000 hutumia hesabu ya vichwa: 2 kwa wiki, kisha 5.

Surua inastahili muda zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi mlipuko unavyojengwa miaka kadhaa kabla haujaonekana. Mgonjwa mmoja wa surua katikati ya watu wasio na kinga huambukiza 12 hadi 18. Ugonjwa wa kasi hiyo huwamaliza watu upesi, na ili ujikite unahitaji mji wa watu robo milioni hadi nusu milioni, wenye watoto wa kutosha wanaozaliwa kila wiki. Kisiwani hufa wenyewe, halafu hurudi kwa meli. Visiwa vya Faroe vilikaa bila surua tangu 1781. Mwaka 1846 ilipoingia, katika watu wasiofika 7,800 iliwapata kama 6,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aliona kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa, na kutokana na hilo akaeleza kinga ya maisha.

Fanya hesabu hiyo kwa wilaya ya leo. Wanazaliwa watoto 10,000 kwa mwaka. Asilimia 80 wanachanjwa miezi 9, na kwa umri huo chanjo hushika kwa asilimia 85 hivi. Wenye kinga ni 6,800. Waliobaki wazi ni 3,200, mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili 6,400. Mwaka wa tatu 9,600, karibu sawa na watoto wote wanaozaliwa kwa mwaka mmoja, na hapo ndipo wataalamu wa chanjo husema kampeni isichelewe. Wilaya ilikuwa na surua sifuri miaka yote mitatu na mganga mkuu alipongezwa. Dozi ya pili ya miezi 18 ipo kwa ajili ya hao 3,200, na akina mama wengi huiruka kwa sababu mtoto tayari anatembea na kadi imewekwa kabatini.

Kujikita si lazima kuwe kwa binadamu. Marburg imejikita kwa popo wa matunda wa Misri, Rousettus, wanaoishi mapangoni. Kwa watu ni mlipuko kila inapotokea. Homa ya Bonde la Ufa hukaa kwenye mayai ya mbu aina ya Aedes, yaliyolala kwenye udongo wa mabonde makavu kwa miaka, hadi mafuriko kama ya 1997 na 2006 yayaangue. Tauni ya Lushoto, iliyosumbua Usambara tangu 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, ilikuwa na panya na viroboto wake milimani hata katika miezi ambayo hakuna mtu aliyeumwa. Kwa magonjwa haya kuhesabu wagonjwa peke yake ni kuchelewa. Panya wakianza kufa ovyo darini, ng'ombe na mbuzi wakianza kutupa mimba kwa wingi, taarifa iende siku hiyo kwa afisa mifugo na kwa zahanati pia.

Unafanya nini, na unaacha lini

Mlipuko hufukuzwa. Zana zake ni kasi: ugunduliwe ndani ya siku 7 tangu uanze, taarifa itoke ndani ya siku 1, hatua za kwanza zikamilike ndani ya siku 7 nyingine. Kwenye malaria ya mlimani kinachookoa watu wiki ya kwanza ni dawa mseto, sindano za artesunate kwa wagonjwa mahututi, na vipimo. Vikipungua na mlipuko umeshathibitishwa, homa hutibiwa bila kupima. Kupulizia dawa ukutani ndiko hupendwa na viongozi kwa sababu kunaonekana, lakini kununua dawa, kufundisha wapuliziaji na kuzunguka nyumba elfu kadhaa huchukua wiki nyingi. Ukipulizia baada ya kilele, grafu itashuka na utajisifu, ingawa ingeshuka hata usingepulizia.

Ugonjwa uliojikita hauna mbio za namna hiyo. Unataka vyandarua vyenye dawa vibadilishwe kabla havijachanika, kliniki ya wajawazito isiyokosa dozi za SP (dawa ya kuwakinga na malaria), stoo isiyokauka, na bajeti ya miaka kumi. Zanzibar walishusha malaria miaka ya 1960, mpango ukasitishwa 1968, ugonjwa ukarudi. Sasa wameishusha tena chini ya asilimia 1, na kila mgonjwa anayethibitishwa hufuatwa hadi nyumbani kwake, wa nyumba hiyo wakapimwa wote. Wanaisaka malaria kama watu wanaosaka mlipuko, na wako sahihi: kizazi kilichokua bila malaria hakina kinga, na kwao wagonjwa wachache wa kata moja si jambo la kuandika na kufunga daftari.

Kumaliza nako kuna kanuni. Marburg hutangazwa imekwisha baada ya siku 42, mara mbili ya muda mrefu kabisa kati ya kuambukizwa na kuanza dalili, bila mgonjwa mpya. Mlipuko wa Biharamulo uliotangazwa Januari 2025, ambao wagonjwa wake wote 10 walifariki, ulifungwa hivyo tarehe 13 Machi. Kipindupindu hungoja angalau wiki 4 mfululizo ambazo wote wanaoshukiwa wamepimwa na hakuna aliyekutwa nacho. Mlipuko wa malaria huisha nukta zikirudi chini ya mstari, nao ugonjwa wenyewe unabaki. Nchi inayodai imeing'oa kabisa huonyesha miaka 3 bila mtu hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya mipaka yake, kama walivyofanya Cape Verde na Misri mwaka 2024, na wakaguzi hawakubali madai hayo mpaka waone vituo vilikuwa vikipima kweli. Ndiyo sababu fomu ya wiki ina sharti linalowaudhi wahudumu wengi: pasipo na mgonjwa, andika 0. Usiache nafasi wazi, maana wilayani nafasi wazi husomwa kwamba kituo hakikuripoti.